Bomba Lililozikwa Barazani

Pelagia aligonga mtaimbo kwenye zege la baraza, akasikia mlio wa uwazi chini yake. Akasogea pembeni kidogo, akagonga tena. Safari hii chuma kilijibu.

"Liko hapa, afande," akamwambia Sajenti Leodgar. "Wamelizika."

Tangu asubuhi askari hao wawili wa zimamoto walikuwa wakizunguka mitaa ya Gongoni, wakikagua mabomba ambayo gari lao hufungia mipira ili kupata maji pakitokea moto. Moja walilikuta limejaa mchanga, jingine kifuniko chake kilishang'olewa. Lakini hili lilikuwa limemwagiwa zege juu kabisa, na juu ya zege mtu alikuwa amepanga majiko yake ya vitumbua.

Mwenye majiko akatokea mlangoni, mama mwembamba mwenye ushungi mweusi, mikono imejaa unga.

"Shikamoo, bibi," Pelagia akasema.

"Marahaba. Hilo zege nimemwaga mimi, Asmahani binti Abasi. Na halivunjwi."

Akavuta kigoda, akakaa papo hapo juu ya zege. Leodgar akaanza kumweleza habari za sheria, naye akatazama barabarani kama vile hakuna mtu anayeongea. Pelagia akachuchumaa mbele yake.

"Bibi, kwa nini ulilifunika?"

"Kwa sababu lilinibomolea nyumba. Walikuja watu wakalifungua, wakasema wanajaribu. Juu maji yakatoka vizuri, watoto wakashangilia. Kumbe chini nako yanatoka, yanaingia kwenye msingi wangu. Chumba cha uani kikaanguka chote. Nikaenda huku, nikaenda kule, kila ninayemuuliza ananielekeza kwa mwenzake. Nikasema basi, nitalifunga mwenyewe."

Pelagia akaitazama nyumba. Ilikuwa moja ya zile kongwe za mjini, kuta nene za matofali mabichi, mlango wa kuchongwa uliopauka kwa jua. Ukuta wa mbele ulikuwa hatua chache tu kutoka kwenye bomba. Alitaka kumwambia kwamba angerudi na fundi wa maji wabadilishe kiungio kinachovuja, ila kabla hajafumbua mdomo yowe likapigwa ng'ambo ya barabara.

"Moto! Moto kwa Uwesu!"

Karakana ya Uwesu seremala ilikuwa imejaa mbao za mninga, makopo ya vanishi na vumbi la randa. Moshi mweusi ulikuwa umeshatoboa paa. Upepo wa kiangazi uliuinamisha kuelekea nyumba za jirani, zilizoshikana bati kwa bati. Leodgar akaita gari kwa redio. Lilifika upesi, likamwaga maji, moto ukanywea kidogo. Halafu mpira ukalegea mikononi mwa askari. Tangi lilikuwa limekauka, na mahali pa kulijaza palikuwa upande wa pili wa mji.

Moto ukainuka upya, ukadaka boriti za nyumba ya pili.

Bi Asmahani akasimama. Akakisukuma kigoda kwa mguu.

"Vunja," akamwambia Pelagia.

Leodgar alikuwa ameshashika sululu. Zege likapasuka, kichwa cha bomba kikaonekana, chekundu kilichochujuka. Pelagia akasafisha mdomo wake kwa vidole, dereva akafunga mpira. Kisha Pelagia akaingiza ufunguo mrefu kwenye koki, akaubana kwa mikono miwili, na papo hapo akakumbuka jambo.

"Bibi, ndani kuna nani?"

Bi Asmahani akageukia mlango wake. "Awadhi. Mume wangu. Hawezi kutembea."

"Mtoeni!" Pelagia akapiga kelele. Vijana waliokuwa wakibeba ndoo wakazitupa, wakakimbilia ndani.

"Fungua!" Leodgar akaguta. "Pelagia, fungua sasa hivi!"

"Kuna mgonjwa ndani, afande. Maji yakivuja chini, ukuta utamwangukia."

"Na zile nyumba zinazoungua? Hiyo ni amri!"

Jasho lilimwingia Pelagia machoni. Ng'ambo, Uwesu alikuwa ameshika kichwa, anamtazama yeye, mikono yake, ule ufunguo usiozunguka. Kopo la vanishi likalipuka, cheche zikarukia bati la nyumba ya tatu. Pelagia akatazama mlango wa kuchongwa. Hakuna mtu. Akahesabu pumzi zake, akapotea, akaanza upya. Leodgar akanyoosha mkono kuchukua ufunguo. Pelagia akamkinga kwa bega, yeye ambaye tangu aajiriwe hakuwahi kumjibu mkubwa wake hata kwa sauti ya juu.

Kitanda cha kamba kikatokea, kimebebwa pande nne. Mzee Awadhi alikuwa amejifunika uso kwa shuka.

Pelagia akazungusha. Koki ikakataa. Akaning'iniza uzito wake wote, moyo ukimwambia chuma kitakatika. Kikalia, kikaachia. Mpira ukavimba, maji yakaruka mpaka ng'ambo.

Waliudhibiti moto kabla haujameza nyumba ya tatu. Karakana ya Uwesu iliteketea yote. Na wakati askari wakiendelea kumwagia makaa, ardhi ya barazani ikalainika, ukuta wa mbele ukajipinda taratibu, ukashuka na mlango wake.

Kesho yake Leodgar hakumsemesha Pelagia. Ila alikuja naye, na fundi wa maji, na bila kuombwa akashika koleo. Walichimba mpaka kwenye kiungio kilichooza, wakaweka kipya. Uwesu akapita na toroli la mbao zilizoungua nusu, akasimama.

"Ungefungua mapema, ningebaki na mashine yangu," akasema.

"Najua," Pelagia akajibu. Uwesu akatikisa kichwa, akaendelea na safari yake.

Walipofungua bomba kulijaribu, Bi Asmahani alitoka nyumba ya jirani alikolazwa mumewe. Alipita juu ya kifusi cha ukuta wake, akashuka shimoni mwenyewe, akabandika kiganja kwenye udongo chini ya kiungio. Maji yakanguruma ndani ya chuma.

"Ongeza," akasema, bila kuinua macho. "Fungua mpaka mwisho, nione."