Henza Iliyozunguka Waya

Mimi nina mdomo, sitaficha. Karakana nzima ya klabu ya mashua wananiita Fundi Najua, na nilikuwa naitikia kwa furaha.

Mdogo wangu alikuwa anatafuta cheti cha ukufunzi. Akifaulu, klabu inamwajiri. Asubuhi ya mtihani nilimwekea henza mpya, ile kamba ya kupandishia tanga la mbele, kwenye mashua ndogo ya matumbo mawili. Niliipitisha kwenye kapi mlingoti ukiwa bado umelazwa chini, huku nikipiga soga na wenzangu. Tukausimamisha, tukaukaza kwa waya wa mbele unaouzuia usianguke, nikapangusa mikono.

Mdogo wangu akatazama juu. "Kaka, mbona henza imezunguka waya wa mbele?"

Wenzangu wakageuka. Nikaona ananivunjia heshima.

"Nafunga henza tangu wewe unabebwa mgongoni," nikamwambia. "Nani fundi hapa?"

Wakacheka. Sikuinua hata shingo. Yeye akavaa jaketi lake la kuelea.

Mtahini alikuwa mama mmoja asiye na mzaha. Akaingia mashuani, akakaa nyuma. "Haya, pandisha tanga."

Tanga likapanda hadi nusu, likakwama. Mdogo wangu akavuta tena. Likajisokota kwenye waya. Hapo ndipo nilipotazama juu. Mzunguko mmoja, mchana kweupe. Kuutoa ni kazi ya dakika mbili.

"Nani kafunga henza hii?" mtahini akauliza.

"Mimi," akasema mdogo wangu.

"Hukuona imezunguka waya?"

"Niliona."

"Sasa mbona hukuifungua?"

Akainamia vidole vyake vya miguu. Mimi nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake, gatini, nimeshika kamba ya mashua, na mdomo wangu wote ule haukutoa neno. Mtahini akaandika, akafunga daftari.

Nilimkimbilia mtahini akiwa anafungua mlango wa gari.

"Mama, ni mimi niliyefunga. Aliniambia, nikamfokea mbele za watu."

"Nilihisi hivyo," akasema. "Lakini aliona kosa, akaliacha kwa kukuogopa wewe. Nitamkabidhije watoto wa watu? Arudi baada ya miezi sita."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Kazi yake ilikuwa imeponyokea mikononi mwangu, si mwake. Jioni nilimwomba radhi. Akasema, "Yameisha, kaka," akaenda kulala bila kula.

Miezi sita ilipotimia, nilimfungia henza tena. Nilikagua mara nne. Haikuwa na kosa lolote. Akaja, wenzangu wote wakiwa wamesimama pale, akatazama juu, kisha akanitazama mimi.

"Kaka, ifungue. Nataka niifunge mwenyewe."

Sauti yake ilitetemeka, na mimi ndiye niliyemtia woga ule. Nikaifungua yote, nikamkabidhi.