Kikaguzi cha Kobe

Mimi mtu akiniambia "naamini inafanya kazi," namfukuza ofisini. Kuamini kapeleke kwa mchumba wako. Kwangu leta uthibitisho. Ndiyo maana nilimpenda Kobe, mwanafunzi wangu wa uzamili, tuliyempachika jina hilo kwa mwendo wake wa polepole. Alitunga lugha ndogo ya kompyuta pamoja na kikaguzi chake, cha kupima kila programu kabla haijaendeshwa, kisha akathibitisha kwamba kila programu itakayopita kwenye kikaguzi hicho haitakwama kamwe. Mashine ikaupitia uthibitisho wote, ikaukubali. Nikatembea kifua mbele utadhani niliuandika mimi.

Asubuhi ya kutetea tasnifu yake, mama yake alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi la korido. Ofisini kwangu, tukisubiri watahini, nikamwambia Kobe aandike programu moja ya kuwaonyesha: jumlisha mbili na tatu, basi. Kikaguzi kikaikataa. Akaandika nyingine, fupi zaidi. Ikakataliwa. Akaandika isiyofanya lolote, nayo ikatupwa nje.

Tukatazamana. Muda wote ule tumethibitisha mambo kuhusu programu, na hakuna aliyekumbuka kuandika hata moja.

Kosa lilikuwa kwenye kanuni ya kwanza kabisa. Kikaguzi kilikuwa kama mlinzi wa geti anayedai kitambulisho kinachotolewa ndani. Hapiti mtu. Na uthibitisho haukuwa na dosari: programu zote zilizopita ni salama, maana hakuna hata moja iliyopita.

"Wakiusoma wataona uko sawa," Kobe akasema. "Shahada naipata leo."

"Utaipata."

"Na wakiomba mfano?"

"Hawaombi. Watu wa mantiki hatuombagi mifano, si unaona tulivyoumbuka?"

Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua nimshushie nani. Nilitaka anyamaze. Aibu ilikuwa yangu pia. "Tasnifu ni yako," nikamwambia. "Ukinyamaza, na mimi nimenyamaza."

Akavuta pumzi. "Mficha uchi hazai, mwalimu."

Akaingia kwa watahini, na kabla hajaulizwa swali akawaandikia mbili jumlisha tatu, wakaona ikikataliwa. Mtahini mmoja alicheka, kisha akaacha. Uamuzi haukuchukua muda: shahada hapati, akarekebishe, arudi muhula ujao.

Nje, mama yake alisimama alipotuona.

"Sijapita, mama. Kulikuwa na kosa, nikawaambia."

Mama akanigeukia mimi. "Asingesema, wangeliona?"

"Wasingeliona, mama."

"Wewe mwalimu wake ndiye uliyemwambia aseme?"

Nilitamani sana kuitikia.

"Hapana," nikasema. "Mimi nilimwachia anyamaze."

Akanitazama bila kinyongo, akamnyoosha mwanawe kola ya shati.

"Basi hilo la kusema kalitoa nyumbani," akasema.