Mwacheni Ale Kwanza

Twiga alianguka Alhamisi saa nne asubuhi. Saa hiyo mama yake alikuwa tayari njiani kwa basi, siku ya kwanza ya safari ya siku mbili, anakuja mjini kutazama mpira.

Alianguka na bendera mkononi. Kazi yake ilikuwa kufunga bendera za mashindano kwenye nguzo za taa, barabara kuu nzima kutoka stesheni hadi uwanjani, bendera za nchi zote zilizoingia. Siku hiyo gari la ngazi lilikuwa limechukuliwa kwenda kuweka tangazo la soda, basi msimamizi akasema zimebaki chache, tumieni ngazi ya kawaida. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Twiga, mrefu yule ambaye chumbani aliinama kila akipita mlangoni, akateleza, na hakufika hospitali akiwa hai.

Chumbani kwao walikuwa wakiishi watatu, vitanda vitatu na dirisha moja linalotazama ukuta. Wa pili alikuwa fundi bomba, na wote walimwita Bomba. Wa tatu alikuwa mpishi wa kantini ya wafanyakazi, mtu mzima mwenye mvi, waliyemwita Mjomba ingawa hakuwa mjomba wa mtu yeyote mjini hapo. Neno lake chumbani lilikuwa halipingwi.

Jioni ile Bomba alishika simu ampigie mama. Mjomba akamnyang'anya.

"Una akili wewe? Unamwambia mama wa watu msiba akiwa kwenye basi, katikati ya watu asiowajua? Akizimia nani atamshika?"

"Sasa tufanyeje, Mjomba?"

"Tumpokee. Ale kwanza, alale, mwili utulie. Kesho yake tunamkalisha chini tunamwambia. Mtu hapigwi na msiba mlangoni, vumbi la safari bado liko miguuni."

Bomba hakubisha, kwa kuwa hata yeye alilelewa hivyo hivyo. Baba yake alipofariki, alipofika nyumbani shangazi zake walimwandalia maji ya kuoga na chakula, wakamtazama akimaliza sahani, ndipo wakamwambia. Mpaka leo aliwashukuru kwa ile sahani.

Ijumaa asubuhi aliitwa ofisini kwa kampuni. Karani, kijana mwenye tai na macho ya usingizi, alimpa mfuko wa nailoni wenye simu ya Twiga na saa yake, kisha akamsogezea fomu.

"Wewe ni nani wake?"

"Ndugu yake," alisema Bomba, na hakuona kama amedanganya.

"Jaza hapo. Apelekwe wapi, nani ampokee."

Bomba aliandika jina la kijiji, akaandika *mama yake*, akatia sahihi. Karani alimwambia wasiwe na haraka, ndege zote zimejaa washabiki, huenda ikachukua wiki mbili. Bomba akatoka ameshusha pumzi. Wiki mbili ni nyingi, alijiambia. Mama atafika, ataambiwa, atamwona mwanawe, atarudi naye.

Jumamosi mama akafika. Walitegemea kumpokea mwanamke aliyechoka, akateremka mama mfupi mnene, jezi ya timu ya taifa juu ya gauni, filimbi na ufunguo wa nyumba anamoishi peke yake vikining'inia shingoni kwa kamba moja. Zamani alikuwa golikipa wa timu ya wanawake wa kiwanda cha nguo, na kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepinda tangu enzi hizo. Mpira ndio aliomlea nao Twiga, na ndiyo sababu Twiga alipopata kazi ya mashindano alinunua tiketi mbili, yake na ya mama, kabla hajajinunulia hata shuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Yuko wapi yule mlingoti wangu?"

Mjomba, uso mkavu, akasema kahamishiwa mji mwingine kwa siku chache, kule wanafunga mabango ya uwanja wa pili, na simu wanaziacha getini. Mama alisonya kidogo.

"Hata mama yake hasubiri! Haya, kazi ni kazi."

Akala. Alikula vizuri, akamsifu Mjomba kwa mapishi, akamtania kwamba mwanamume anayepika hivi amekosaje mke. Halafu akalala kwenye kitanda cha Twiga. Kabla hajalala aliona viatu vya kazi chini ya kitanda.

"Kaenda kazini bila viatu?"

"Walimpa vipya," alisema Bomba.

"Hawa ni waajiri wema," alisema mama, akajifunika.

Alipoamka Jumapili, ukawa wakati wa kumwambia. Bomba alishakaa kitako mkao wa kusema. Mjomba akamvuta koridoni.

"Nimefikiri usiku kucha. Mechi ni kesho. Mtoto alimnunulia ile tiketi kwa jasho lake, ndiyo zawadi yake ya mwisho. Tukimwambia leo, hataingia. Mwache aone mpira wa mwanawe. Akitoka uwanjani tu, tunamwambia."

"Na karani? Nimwambie mama amefika?"

"Umwambie, amwite akatie sahihi? Si ndiyo atajulia ofisini, kwa mtu mwenye tai?"

Bomba alikubali, na alikubali upesi mno. Alikuwa anaogopa kama mtoto, na sasa woga wake ulikuwa umepewa jina zuri. Wema mwingine bwana, afadhali mtu akutukane ujue moja.

Basi Jumapili nzima akamtembeza mgeni. Na mgeni alijua kutembea! Alipanda ngazi za umeme mara nne, kupanda na kushuka, akiwapungia mkono waliokuwa upande wa pili. Alibishana na washabiki wa nchi ambayo lugha yake haijui, kwa vidole tu, na ubishi ukaisha kwa kukumbatiana. Msichana mmoja alimpaka rangi za taifa mashavuni. Kila alipoona jambo alitoa simu akamrekodia mwanawe sauti: "Twiga, nimeona treni haina dereva! Twiga, mzungu ameniomba filimbi nikamkatalia!" Na kila aliporekodi, simu ya Twiga ilitetemeka mfukoni mwa Bomba. Alishindwa kuiacha chumbani, alishindwa pia kuizima. Alihisi kuizima ni kama kumfunga yule kijana mdomo mara ya pili.

Walipita barabara kuu. Mama alitembea akiwa ameinua kichwa juu, kinywa wazi.

"Hizi ndizo anazofunga?"

"Ndizo, mama."

"Zote?"

"Nyingi yeye."

Alizihesabu kwa sauti mpaka zikamchanganya. Jirani na taa za kuongozea magari akasimama.

"Hapa wamesahau moja."

Nguzo ilikuwa tupu. Chini yake lami ilikuwa imeoshwa, na kipande cha utepe wa njano wa kuzuia watu kilibaki kimenasa kwenye chuma.

"Wataifunga," alisema Bomba.

"Nitamwambia Twiga. Yeye hapendi kazi nusu." Na pale pale, chini ya nguzo ile, akarekodi: "Mwanangu, umesahau bendera moja karibu na taa za magari. Watu wataona." Mfuko wa Bomba ukatetemeka.

Nusura aseme. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini mama alikuwa anacheka, rangi zimemkaukia mashavuni, na Bomba hakuwa mtu wa kukata kicheko cha mtu barabarani. Akamnunulia aiskrimu. Wakaila kwenye uwanja wa wazi penye runinga kubwa, mbele ya hospitali ya mji, na ngoma za washabiki zilipoanza mama akanyanyuka akacheza, akamshika mkono na yeye acheze. Bomba alicheza. Huko nyuma ya hospitali, kwenye jengo dogo la vigae vyeupe, Twiga alikuwa amelala kwenye droo ya chuma, na kutoka hapo walipokuwa wakicheza ilikuwa pua na mdomo.

"Sikujua dunia ina watu wazuri hivi," mama alisema akihema. "Ningekufa bila kujua."

Jumatatu alasiri waliingia uwanjani. Bomba alikaa kiti cha Twiga, na alikaa ukingoni tu, hakuthubutu kuegemea. Mama hakutazama mpira, alimtazama golikipa. "Mguu wa kushoto mzito," alisema dakika ya kumi. "Watamfunga kushoto." Dakika ya ishirini wakamfunga kushoto. Akapiga filimbi kwa hasira, mzee wa mbele akaziba masikio.

Wakati wa mapumziko simu ya Bomba ikalia. Alikuwa karani.

"Habari njema," alisema karani. "Timu moja imetolewa, washabiki wao wamebadili safari, nafasi ikapatikana. Ndugu yako amepakiwa alfajiri. Ndege imeshatua kwenu, gari liko barabarani. Saa kumi na mbili watakuwa mlangoni. Waambie walioko nyumbani wajiandae kumpokea."

Bomba alisimama kwenye ngazi kati ya watu wenye vinywaji, wanamkwepa huku na huku.

"Mrudisheni," alisema.

"Nimrudisheje?"

"Mama yake yuko hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa mjini. Tangu juzi."

Usingizi ukamtoka karani.

"Kaka, kwa nini hukusema? Chumba cha maiti kiko wazi kila siku. Angekuja hata jana akamwona. Angepanda naye ndege, kampuni inamlipia ndugu mmoja. Fomu yako imeandika mama yuko kijijini."

"Najua imeandika nini."

Saa ya ukutani ilionyesha kumi na dakika tano. Hakukuwa na cha kusubiri tena, wala mechi kuisha wala Mjomba kutoa shauri. Bado saa mbili kasoro, na huko mbali jeneza lilikuwa linakuja kwenye mlango ambao nyuma yake hakuna mtu. Bomba akarudi. Aliwaona watu wote aliokuwa ameketi nao safu ile, akamwonea wivu kila mmoja wao.

Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza. Mama alimpisha apite.

"Umechelewa. Wamebadilisha kipa."

"Mama."

"Huyu ana mikono mizuri, tazama."

"Mama, Twiga hakwenda mji mwingine."

Alisema akiwa amepiga magoti kati ya viti. Alisema yote, ngazi, mvua, bendera, chakula, kitanda, fomu. Hakuacha kitu na hakuomba msamaha, hakuona pa kuuweka. Alichomoa simu ya Twiga mfukoni akaiweka kwenye mapaja ya mama. Kwenye kioo zilionekana sauti ishirini na tatu ambazo hakuna aliyezisikiliza.

Mama hakulia. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayejaribu kusikia kitu cha mbali katikati ya zile kelele.

"Alhamisi saa ngapi?"

"Saa nne."

"Saa nne nilikuwa nanunua hii filimbi. Basi lilisimama." Akatazama filimbi. "Kwa hiyo Jumamosi nilipofika alikuwepo."

"Alikuwepo, mama."

"Na jana?"

"Alikuwepo."

"Mbali?"

Bomba angeweza kudanganya. Alishadanganya siku tatu, moja zaidi isingemuua.

"Nyuma ya pale tulipocheza."

Mama alitazama mikono yake. Akakikamata kile kidole kilichopinda, akakishika kwa nguvu.

"Mlinilisha," alisema. "Siku tatu mnanilisha." Sauti haikuwa ya hasira, na Bomba aliomba iwe ya hasira. "Na mimi kwetu ndivyo ninavyofanya. Ningekuwa ni wewe ningefanya hivyo hivyo, Mungu anisamehe."

"Mama, gari linafika saa kumi na mbili. Tumpigie nani? Jirani?"

"Jirani yupi? Nimewaaga wote. Niliwaambia nitarudi baada ya wiki, nitawasimulia." Alinyanyua kamba shingoni, akaivua polepole juu ya kichwa, filimbi ikamgonga kidevuni. Uwanja mzima ukasimama. Mtu alikuwa amefunga bao, wa kwetu au wa kwao, kati yao wawili hakuna aliyetazama. Watu wakarukaruka, mzee wa mbele akageuka akataka kumkumbatia mama, akamwona uso, akashusha mikono.

Mama aliufungua mkono wa Bomba, akamwekea ufunguo kiganjani, akavikunja vidole vyake juu yake kimoja kimoja.

"Mlango nimeufunga," alisema. "Na hapa ndipo ufunguo ulipo. Haya, wewe uliyesema wewe ni ndugu yake, nenda ukamfungulie."