Minara ya Mlalo na Jibu la Posa

Usingizi wa jana usiku ulinitupa Mlalo, milimani Usambara, nikiwa nimejifunga shuka. Sikushangaa. Mimi ni fundi wa minara ya simu, na fundi huitwa popote.

Safari hii nimeitwa kwa jambo langu mwenyewe. Shangazi Zahabu, mshenga wangu, ametoka kwa kina Rehani, binti niliyemposa, na jibu la posa. Amesimama kwenye shamba la maharage, simu sikioni. Ananiambia, "Mwanangu, wame..." kisha makelele yanammeza. Wamekubali au wamekataa? Roho iko juu juu.

Makelele yanatoka kwa minara miwili, kila mmoja juu ya kilima chake. Inatumia masafa yaleyale ya mawimbi na inapigiana kelele bonde zima. Niliiomba ipunguze sauti. Wa kushoto ukasema ukipunguza wenyewe tu, wa kulia utajiona ndio mwenye bonde. Wa kulia ukasema vivyo hivyo, kwa sauti zaidi.

"Basi inamisheni antena, mawimbi yasivuke bonde," nikasema.

Hapo nikawa nimechokoza nyuki. Kwetu mtu huinama kumsalimia mkubwa wake, na kila mnara unadai ndio uliosimikwa kwanza.

"Uanze huo mdogo," ukasema wa kushoto.

Mara tuko ukumbi wa harusi. Minara imekaa meza kuu, imetoboa dari, bado inabishana. Pilau inapoa. Shehe ananiuliza kwa upole kama nina uhakika nimekubaliwa. Namwambia mtandao unasumbua. Anatikisa kichwa, hilo analijua.

Nikapanda juu ya meza na shuka langu.

"Nani kawaambia muinamiane? Kila mmoja wenu ana watu wake chini yake. Yule mama kwenye maharage ni mkubwa wenu nyote. Msalimieni."

Ukumbi ukawa shamba. Mnara wa kushoto unatazama chini, mara ya kwanza tangu usimikwe. Unamwona shangazi. Chuma kinalia, antena zinashuka.

"Shikamoo, mama."

Wa kulia haukubali kupitwa kwa adabu; nao unainamia watu wa upande wake. Kisha mnara wa Soni, kisha wa Bumbuli, minara ya milima yote inainama, na kila mnara unaongea na walio miguuni pake tu. Bonde linatulia mpaka nasikia maganda ya maharage yakipasuka. Nilicheza pale shambani bila haya. Kazi niliyoihangaikia miaka yote imekwisha kwa salamu!

Shangazi akafungua kinywa kuujibu mnara, nikaamka.

Kumekucha, simu inaita. Ni yeye. Nikapokea, na kabla sijatamka neno, sauti yake ikaja safi kama amekaa kitandani kwangu.

"Marahaba," alisema. "Wamekubali."