Gasketi Laini ya Fundi Tobia

Fundi Tobia alipoingia dukani, Hezekia hakumwamkia. Watu watatu waliokuwa kwenye kaunta waligeuka kumtazama, maana Lushoto mkubwa wako haingii mahali ukanyamaza kama vile kapita mbuzi. Na wamtazame tu! Shikamoo ya nini kwa mtu aliyekuzika ukiwa hai?

Miaka sita nyuma, Hezekia alikuwa fundi mdogo kwenye gereji ya Tobia. Noah ya Mwalimu Secilia ikakatika uzi wa tundu la bolti kwenye silinda hedi, bolti ya ekzosi ikawa inazunguka bure, na Tobia akasimama mbele ya watu akasema ni mkono wa Hezekia. Uongo mtupu! Tobia mwenyewe ndiye aliyekaza bolti injini ikiwa moto, kama alivyozoea kwenye malori ya zamani yenye hedi za chuma; ya Noah ni alumini, na alumini ikiwa moto hulainika, uzi ukakatika. Lakini nani angemsikiliza kijana mbele ya mzee? Mji ukambandika jina, Kata Uzi, na tangu hapo hakuna aliyemwachia gari lake. Akabaki kuuza spea, na kila akisikia injini inakohoa barabarani, roho inamuuma.

"Nipe gasketi ya ekzosi," Tobia alisema. Nje ilisimama pikapu yake iliyojaa kabichi za Mgwashi. Ilikuwa imepanda mjini ikinguruma kama trekta bovu. "Hedi ni ya alumini. Nataka ile ngumu, ya chuma, idumu."

Hezekia alizitoa mbili, ngumu na laini, za kuziba kati ya hedi na ekzosi. Alumini ikipata moto hutanuka kuliko chuma cha ekzosi, na gasketi ngumu isiyoifuata huikwangua uso. Mwezi mmoja tu, hedi ingekuwa ya kutupa. Wazo la kumpa ile ngumu lilikuwa tamu. Kisha akaliacha. Ikiharibika, watasema ni gasketi ya Kata Uzi. Thubutu! Safari hii lawama ikae kwa mwenyewe, ikose pa kukimbilia.

Akampa ile laini ya grafaiti. "Hii ndiyo ya alumini," alisema, sauti ikisikika mpaka barabarani. "Inabonyea, inafuata hedi inapotanuka. Ila usije ukakaza injini ikiwa moto. Subiri ipoe kabisa."

Alijua anachofanya. Tobia alikuwa radhi aungue kuliko kupokea agizo la mwanafunzi wake.

"Unanifundisha mimi? Mimi niliyekushikisha spana?"

"Nimekwambia tu, na Mwalimu Secilia amesikia."

"Nimesikia," alisema mwalimu, mmoja wa wale watatu wa kaunta, aliyekuja kununua plagi.

Ekzosi iliposhikika kwa mkono, Tobia akafunga gasketi palepale mbele ya duka, akawasha. Ngurumo ikaisha. Injini ilipopata moto kikabaki kimlio kidogo, tik, tik, ambacho kingeisha chenyewe gasketi ikishakaa. Hezekia alisimama mlangoni akiomba moyoni: kaza, mzee, kaza. Mchungaji angemkemea kwa dua ya namna hiyo, lakini aliiomba kwa moyo wote.

Tobia akazima, akachukua spana ndefu, akakaza joto likimpiga usoni. Bolti ya kwanza ikashika. Ya pili ikazunguka, ikazunguka tena, nyepesi kama kizibo cha chupa.

Mwalimu Secilia akasogea kutazama. "Kumbe!" alisema. "Yangu nayo ilikuwa hivihivi."

Tobia alijifuta jasho. Kabichi zilikuwa zinangojewa Muheza kabla ya jioni, na mji mzima hakuna aliyekuwa na vifaa vya kuchonga uzi mpya ila Hezekia.

"Hezekia, mwanangu," alisema. "Nisaidie."

Mwanangu! Leo ndiyo kawa mwana! Hezekia akaingia ndani, akatoka na boksi la vifaa, akaliweka chini, akalikalia.

"Nitachonga. Kwanza waambie hawa, nani alikata uzi wa Noah ya mwalimu?"

Watu walikuwa wameshajaa. Tobia akayakodolea macho matairi, akanong'ona kitu.

"Kwa sauti, mzee," Hezekia alisema. "Siku ile hukunong'ona."