Jiko Chumbani

Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani. Bibi mkata kuni alitua mzigo wake, akabisha tena.

"Mwanangu, fungua. Ni mimi."

Alikuwa ametoka alfajiri, kwa kuwa miti ya karibu ilikwisha zamani na nguzo za umeme ziliishia bondeni. Sasa ilikuwa saa nne, na ukungu ulikuwa bado umelalia mapaa. Ndani alikuwa amemwacha mke wa mwanawe na kichanga cha siku tano.

Alizunguka dirishani. Lilikuwa limezibwa kwa matambara, hata upenyo wa sindano hapana. Alipochomoa moja, joto zito lisilo na moshi likampiga usoni.

Mkaa.

Alichomoa shoka kwenye mzigo wake. Alipiga penye komeo mara tatu, mlango ukaachia. Mama mtoto alikuwa chali kando ya jiko, mtoto kifuani. Bibi alibana pumzi, akamtoa mtoto, akarudi kumburuta mama kwa makwapa hadi uani.

"Amka," alisema, akimpiga mashavuni. "Amka nikugombeze."

Msichana alikohoa, akatapika, akafumbua macho.

"Mama, alikuwa anatetemeka. Kuni mbichi zinamkohoza. Nikaona mkaa hauna moshi..."

"Najua."

"Yuko wapi?"

Bibi alimwinua kutoka pale chini. Mtoto alikuwa amelegea mikononi mwake kama nguo iliyoloa. Alimpulizia mdomoni na puani, kidogo kidogo, kama anavyopuliza kaa linalotaka kuzimika. Mara ya kwanza. Ya pili. Ya saba, kikatoka kilio chembamba, kisha kikakatika.

Jirani aliyesikia shoka alikuja mbio, akaambiwa, akashika njia ya bondeni kumwita nesi. Kwenda na kurudi ni mwendo wa saa sita kwa mwenye miguu mizuri.

Bibi alimwaga makaa nje. Chumba kikapoa upesi, upepo ukipita penye mlango uliovunjika.

"Tuwashe kuni?" msichana aliuliza kwa sauti ndogo.

"Moshi utammaliza."

"Na baridi?"

Bibi alimwingiza mtoto ndani ya sweta, ngozi kwa ngozi, akamvuta na msichana ubavuni pake, blanketi lote likawafunika. Kiganja chake kilitulia juu ya kile kimgongo. Kiliinuka. Kikashuka.

Akasubiri kiinuke tena.