Shati la Tatu

Haya alinisimulia wifi yangu Jumanne iliyopita, tukiwa kwenye foleni ya dawa za presha. Yalimkuta jirani yake, fundi cherehani.

Fundi na mumewe walifanya kazi chumba kimoja: yeye anashona sare za shule, mume anapiga pasi. Mume alikuwa ndiyo kwanza ametoka kulala wiki nzima na homa ya mafua, jasho mpaka godoro linaloa. Siku ya nne tangu ainuke, kwenye shati la tatu, akaiweka pasi pembeni.

"Mama watoto, kifua kinabana. Kama mtu amenikalia."

"Mafua yamekwisha, sasa umehamia kifuani?" fundi akamjibu bila kutoa mguu kwenye pedali. "Kifua hicho kinaiogopa pasi. Sare zinatakiwa leo, bwana."

Mume akacheka kidogo, akaendelea. Jasho fundi aliliona, akajiambia ni moto wa pasi. Kwenye shati la ishirini na saba, mume akaanguka, pasi ikabaki inaunguza kola.

Hospitali, daktari alieleza haraka: homa kali kama ile ikipita, kwa wiki kadhaa damu huganda kwa urahisi, hasa kwa mwenye presha kama yeye. Donge limeziba mshipa wa moyo.

"Maumivu yalianza saa ngapi?"

Mama mkwe wa fundi, aliyewafuata hospitali, alikuwa amesimama pale pale, masikio wazi.

"Sasa hivi tu," fundi akasema. "Alipoanguka."

"Basi muda upo. Aandaliwe gari, aende hospitali kubwa."

Fundi akakaa. Akainuka. Akamkimbilia daktari, akamshika koti.

"Nimedanganya, daktari. Ilianza shati la tatu, kaanguka la ishirini na saba. Huyu hupiga kumi na mawili kwa saa, hakosei. Ni masaa mawili. Aliniambia, nikamcheka."

"Ukamcheka?" mama mkwe akauliza.

"Basi hasafiri, muda utamwishia njiani," daktari akasema, tayari anakimbia. "Sindano ya kuyeyusha donge, hapa hapa!"

Kesho yake alasiri mume akafumbua macho.

"Nisamehe, baba watoto. Uliniambia."

"Sare umepeleka?"

"Sare zipotelee mbali! Na moja imeungua kola."

"Hiyo utanivalisha mimi," akanong'ona, akasinzia.

Fundi akabaki anahesabu pumzi za mumewe kama mashati. Akifika ishirini na saba anasita, moyo juu, anaanza upya. Mara ya tano hakufika. Kichwa kikamwangukia ukingoni mwa kitanda, akalala.